Nani hukaza nati za bembea? Uzi kuhusu matunzo ya bustani, vijia na viwanja katika miji ya pembezoni

Fundi wa Bustani (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu.

Nyuzi zinazolalamikia bustani za umma zimekuwa nyingi humu: choo kimefungwa tangu mwaka jana, bembea imekatika, kijia kimegeuka mfereji kila mvua inaponyesha. Malalamiko hayo ni ya haki, ila karibu yote huishia kwenye jibu lile lile, kwamba fedha zimeliwa. Zipo zinazoliwa, sibishi. Lakini nimefanya kazi miaka 14 katika idara ya bustani ya mji mdogo uliopakana na jiji kubwa, nikianza kama dereva wa mashine ya kukata nyasi na kuishia kuwa msimamizi wa matengenezo, na nimeshuhudia bustani zikifa bila mtu yeyote kuiba hata msumari. Zilikufa kwa sababu fedha za kujenga na fedha za kutunza hutoka katika mifuko miwili tofauti, na mfuko wa pili hauna mwenyewe.

Nieleze jinsi inavyotokea. Mji wa pembezoni haukui polepole kama mji mkongwe; hukua kwa mikupuo. Mwekezaji hununua shamba, hulikata viwanja, hujenga nyumba mia kadhaa kwa mpigo, na kwa masharti ya mipango miji huikabidhi halmashauri kipande cha ardhi kiwe bustani, au hulipa fedha badala yake. Utaratibu huu upo katika nchi nyingi kwa majina tofauti. Huko California, kwa mfano, Sheria ya Quimby inaruhusu mji kumtaka mwekezaji atoe takriban hekta 1.2 za bustani kwa kila wakazi 1,000 watakaohamia, na katika mazingira fulani hadi hekta 2. Ni sheria nzuri, na bila hiyo vitongoji vingi visingekuwa na hata kivuli cha kukalia. Ila ina sharti moja ambalo wananchi wachache hulitilia maanani: fedha zinazopatikana kwa njia hiyo zinaweza kununua ardhi, kujenga au kukarabati, lakini haziruhusiwi kulipia uendeshaji na matunzo ya kila siku. Yaani sheria inakukabidhi mtoto, kisha inakuambia maziwa utajua mwenyewe.

Ardhi inayokabidhiwa, nayo, mara nyingi ndiyo iliyomshinda mwekezaji mwenyewe. Ni bonde linalojaa maji, au ukanda ulio chini ya nyaya za umeme mkubwa, au mteremko usiojengeka. Si lazima hilo liwe balaa. Mji wa Curitiba huko Brazili uliyageuza mabonde yake ya mafuriko kuwa bustani, na Bustani ya Barigui iliyofunguliwa mwaka 1972 ina ziwa linalopokea maji ya mvua kubwa badala ya kuyaachia yaingie majumbani. Kwa muda mrefu baadhi ya nyasi zao zilikatwa na kondoo, jambo ambalo kwangu mimi niliyekaa juu ya mashine ya dizeli miaka mitano lina mvuto wa pekee. Lakini bonde kama hilo linahitaji kupangwa likiwa bonde. Ukiweka uwanja wa mpira mahali ambapo maji yamezoea kulala, utakuwa umejiandikia kazi ya kila mwaka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona halizungumzwi kabisa, nalo ni umri. Kwa kuwa mji wote ulijengwa katika miaka 10 au 15, bustani zake zote zina rika moja. Vifaa vya kuchezea watoto hudumu kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Lami ya kijia, ikitunzwa, haipishani sana na hapo. Miaka ya mwanzo kila kitu kinang'aa, mafundi ni wachache na hakuna anayelalamika, hivyo baraza la madiwani linaamini kwamba bajeti ndogo ya matunzo inatosha. Kisha ghafla, katika kipindi cha miaka mitatu au minne, kila kitu kinachakaa kwa pamoja. Wananchi huona uzembe ulioanza jana, wakati deni lilianza siku ile utepe ulipokatwa.

Nilipopandishwa cheo nilikuta idara haina orodha ya mali zake. Tulijua tuna bustani 20 na kitu. Hatukujua tuna madawati mangapi, madaraja mangapi ya vijia, wala kila kimoja kiliwekwa mwaka gani. Tulitumia miezi saba kuzunguka na daftari. Kila kitu kilipewa namba, mwaka wa kuwekwa, na alama ya hali yake kutoka 1 hadi 5. Katika bustani moja ndogo, ambayo haikuwahi kuleta lalamiko hata moja, fundi mwenzangu aliinua mnyororo wa bembea na kunionyesha pingu inayoushikilia juu ya boriti. Chuma kilichokuwa na unene wa kidole kilikuwa kimeliwa upande mmoja hadi kubaki wembamba wa penseli. Kwa chini huwezi kuona kitu. Bembea ilikuwa imepakwa rangi mpya miezi michache kabla. Tuliifunga siku hiyo hiyo, na barua ya kwanza ya malalamiko kutoka bustani hiyo ikaja wiki iliyofuata: kwa nini mmewanyima watoto bembea?

Vijia navyo vina adui mmoja mkubwa, na adui huyo ni maji. Kijia kizuri hulazwa kwa mwinamo mdogo usiozidi asilimia 2 kwenda upande mmoja, ili mvua ipite na isikae. Lakini nyasi za ukingoni hunasa vumbi na majani mwaka hadi mwaka, zinapanda taratibu mpaka zinakuwa juu kuliko lami, na maji yanakosa pa kutokea. Yanatuama, yanapenya kwenye nyufa, msingi unalainika, na gari la kwanza la matengenezo linalopita hapo linamalizia kazi. Dawa yake ni sepetu na watu wawili kupunguza ukingo huo kila baada ya miaka michache, na kuzibua makalavati kabla ya msimu wa mvua. Hakuna kazi rahisi kuliko hiyo, na ndiyo ya kwanza kufutwa bajeti inapobana, kwa kuwa ukiiacha mwaka mmoja hakuna anayeona tofauti.

Swali langu kwenu ni hili: huko mliko, mfuko wa matunzo unatoka wapi, na ni nani anayeutetea?

Hesabu Kwanza

Mkuu, nashukuru kwa uzi uliokwenda shule. Nina hoja moja ya ukinzani.

Umeeleza tatizo kana kwamba suluhisho pekee ni kodi. Kwa nini bustani isijilipie? Birkenhead Park, iliyofunguliwa Uingereza mwaka 1847 kwa usanifu wa Joseph Paxton, ilijengwa kwa hesabu hiyo hiyo: mji ulinunua ardhi kubwa kuliko uliyohitaji, ukatengeneza bustani katikati, kisha ukauza viwanja vya nyumba pembeni kwa thamani iliyopandishwa na bustani yenyewe. Na Central Park ya New York, ambayo katika miaka ya 1970 ilikuwa imechakaa kwa sababu jiji lilikaribia kufilisika, iliokolewa na chombo cha wananchi kilichoanzishwa mwaka 1980, kinachokusanya michango na kuendesha shughuli za kila siku kwa makubaliano na jiji. Anayefaidi na alipe, na asiyefaidi aachwe. Mimi sina watoto na sichezi mpira. Kwa nini nichangie nyavu za magoli?

Mama wa Watatu

Naomba niingie hapo kabla Fundi hajajibu, kwa sababu neno "anayefaidi" linanigusa.

Mwanangu wa pili anatumia kiti cha magurudumu. Bustani iliyo karibu nasi ilikarabatiwa, ikapewa kitelezo kipya na ubao mkubwa unaosema ni bustani ya watoto wote. Ni kweli kuna njia nzuri ya mteremko ya zege kutoka kwenye maegesho. Njia hiyo inaishia ukingoni mwa eneo la kuchezea, na kuanzia hapo ni mchanga mtupu. Nilimsukuma hatua mbili, magurudumu ya mbele yakazama, tukakaa pale ukingoni tukiwatazama wadogo zake. Aliniuliza kama mchanga utaondolewa kesho.

Nilipowasiliana na ofisi husika, niliambiwa mradi umekaguliwa na umekidhi viwango. Sikutaka ugomvi, nilitaka tu kujua ni kiwango gani kinachomfikisha mtoto mahali pa kutazama michezo badala ya kucheza. Je, Fundi, kuna sababu ya kitaalamu ya kutumia mchanga, au ni bei tu?

Kipyenga

Mimi nimechezesha mechi za vijana miaka mingi, naomba nizungumzie viwanja.

Uwanja wa nyasi ni kiumbe hai na una kiwango chake cha kuchoka. Ukiuchezea kila jioni na siku nzima Jumamosi na Jumapili, hasa ukiwa umelowa, udongo unashindiliwa, mizizi inakosa hewa, na mbele ya kila goli panabaki kipara. Miji ya pembezoni ina shida ya pekee hapa: wakazi wengi hushinda jijini kazini, kwa hiyo asubuhi yote viwanja ni vitupu, na kuanzia saa kumi na moja jioni kila mtu anavitaka kwa wakati mmoja. Halafu taa zikiwashwa hadi usiku, majirani wanaandika barua.

Lakini kinachonikera zaidi ni vibali. Mji ninaoufahamu hutoa vibali kwa kufuata historia: klabu iliyokuwa na Jumanne saa kumi na mbili mwaka jana, inaipata tena mwaka huu. Inaonekana ni haki, kumbe ni njia ya kuwafungia mlango wageni. Timu za wasichana zilizoanzishwa karibuni na timu za vitongoji vipya zinapewa saa ambazo hakuna aliyezitaka, kwenye uwanja ulio mbali kabisa. Na klabu kongwe hushikilia saa zisizozitumia ili zisipotee. Nimefika zaidi ya mara moja kwenye uwanja uliokodiwa rasmi nikamkuta kunguru peke yake.

Fundi wa Bustani

Nawashukuru nyote. Nianze na Mama wa Watatu, maana swali lake lina jibu la moja kwa moja.

Majeraha mengi ya viwanja vya watoto hutokana na kuanguka, hivyo kinachomlinda mtoto zaidi ni kile kilichopo chini ya kifaa. Mchanga, kokoto laini, vipande vya mbao na mpira uliosagwa vyote hupunguza kishindo, lakini kwa viwango tofauti. Mwongozo wa usalama unaotumika Marekani unaeleza kwamba sentimita 23 za vipande vya mbao humlinda mtoto anayeanguka kutoka karibu mita 3, wakati mchanga wa kina hicho hicho unatosha kwa mita 1.2 tu. Kwa hiyo, Mama, mchanga haukuchaguliwa kwa ubora wake. Ulichaguliwa kwa sababu ni rahisi kununua. Zulia la mpira linalomiminwa na kuganda ndilo linalopitika vizuri kwa kiti cha magurudumu, na bei yake ni kubwa. Vipo pia vipande vya mbao vilivyotengenezwa maalumu ambavyo hushikana na kupitika, ila hushuka na kutawanyika kwa miguu ya watoto. Chini ya bembea hufukuliwa shimo kila siku. Fundi asipopita na reki kuvirudisha, kina kinachosomeka kwenye ripoti ya ukaguzi hakipo tena, na njia ya kiti nayo haipo tena. Ninyi mlipewa ukarabati uliokaguliwa siku ya makabidhiano. Hakuna aliyekagua siku ya mia moja. Dai kwa maandishi njia inayofika kwenye kifaa chenyewe, si kwenye ukingo, na taja kifaa kimoja unachotaka mwanao akifikie. Ombi lenye kitu kimoja kinachoonekana ni gumu kulifukia.

Hesabu Kwanza, mifano yako ni sahihi, lakini itazame vizuri. Viwanja vilivyouzwa pembeni mwa Birkenhead vililipia ujenzi. Kiwanja huuzwa mara moja, na nyasi hukatwa kila wiki mbili. Ni ule ule mfuko wa kwanza niliousema. Na Central Park imezungukwa na majirani wenye uwezo mkubwa wa kuchanga; bustani ndogo iliyo nyuma ya shule ya msingi katika kitongoji cha wapangaji haina majirani hao. Ukiuacha kila mtaa utunze bustani yake kwa michango, baada ya miaka 10 utaweza kusoma ramani ya vipato vya mji kwa kutazama hali ya nyasi.

Hata hivyo sikatai malipo. Wasimamizi wengi wa bustani hutumia hesabu yenye umbo la piramidi. Chini kabisa ni vitu vinavyomfaidi kila mtu hata asiyevigusa: kivuli cha miti, maji ya mvua kupata pa kwenda, kijia ambacho mtoto anapitia kwenda shule. Hivyo hulipwa na kodi kwa ukamilifu. Kadiri unavyopanda, faida inakuwa ya mtu binafsi zaidi: darasa la kuogelea, kisha ukumbi wa sherehe, kisha mashindano ya klabu ya watu wazima. Huko juu anayetumia alipe gharama yote na ziada. Kosa linalofanyika ni kuigeuza piramidi kichwa chini, ambapo ligi yenye ushawishi inapata uwanja kwa bei ya kutupa, huku choo cha bustani ya chini kikifungwa kwa kukosa sabuni.

Kipyenga, kuhusu vibali nakuunga mkono. Tulijaribu mbinu mbili. Kwanza, klabu isiyotokea mara tatu bila taarifa ilipoteza saa hiyo. Pili, tuligawa kwa idadi ya wachezaji wanaoishi mjini badala ya kufuata nani alitangulia. Kelele zilikuwa kubwa kuliko za kupandisha ada.

Nyasi bandia nazo zimesifiwa kupita kiasi. Ni kweli zinavumilia saa nyingi, ila kwenye jua kali hupata joto kali mno, zinahitaji kupigwa brashi na kuongezewa chembechembe zinazotawanyika, na baada ya miaka 8 hadi 10 zulia lote linang'olewa. Mji unaotandika nyasi hizo kwenye viwanja vinne mwaka mmoja umejinunulia siku nne za kilio zitakazoangukia mwaka mmoja.

Jambo la rika moja linaihusu miti pia, nilisahau kulitaja. Vitongoji vingi vilipandwa mti wa aina moja mtaa mzima kwa sababu ya urembo. Mwaka 2002 mdudu mdogo wa kijani atokaye Asia, anayetoboa miti ya mshe (kwa Kiingereza ash), aligunduliwa karibu na Detroit, na tangu hapo ameua miti ya jamii hiyo kwa mamilioni. Kuna mitaa iliyokuwa na paa la majani ikabaki na visiki. Mtaalamu wa miti Frank Santamour alipendekeza mwaka 1990 kwamba mji usiwe na zaidi ya asilimia 10 ya spishi moja, 20 ya jenasi moja na 30 ya familia moja. Mimi ningeongeza kanuni ya umri: usipande miti yote mwaka wa uzinduzi. Na mwangalie sana mkata nyasi mwenye mashine ya uzi. Akizungusha mara moja kwenye shina changa, gome linakatika pande zote na mti unakufa polepole kwa miaka miwili huku kila mtu akilaumu ukame. Duara la matandazo kuzunguka shina, lisiloligusa shina lenyewe, humweka mkataji mbali.

Mwenda Pole

Naomba nirudishe mjadala kwenye vijia, ambavyo mimi hutumia kila asubuhi.

Pamoja na maji, kuna tatizo la mwendo. Kijia cha watu wote kinapaswa kuwa na upana wa mita 3 hivi ili mtembea kwa miguu, mtoto anayejifunza baiskeli na mkimbiaji wapishane. Vijia vingi vya zamani ni vya mita 2 au pungufu, na sasa vimeingiwa na baiskeli za umeme ambazo hupita nyuma yako kimya kama paka. Kuweka kibao cha kikomo cha mwendo hakujasaidia niliko. Kilichosaidia ni kufyeka vichaka kwenye kona ili watu waonane, na kuchora mstari katikati.

Pia kijia hakijui mipaka ya halmashauri. Singapore ina zaidi ya kilomita 300 za vijia vinavyounganisha bustani moja na nyingine, na vinasimamiwa na chombo kimoja, kwa hiyo mtu anatembea bila kujua amevuka wapi. Katika miji ya pembezoni, kila mmoja hujenga hadi mpakani na kusimama. Upande mmoja lami, upande wa pili matope, katikati mita 40 zisizo za mtu. Na kwenye mita hizo 40 utaona njia nyembamba iliyochongwa na miguu ya watu, ikikata kona moja kwa moja. Mipango bora ya vijia niliyowahi kuiona ilianza kwa kutembelea njia za mkato za namna hiyo na kuzihesabu.

Aliyekuwa Diwani

Nimekuwa nikisoma tu, lakini swali la mwisho la Fundi, kwamba nani anautetea mfuko wa matunzo, linanihusu moja kwa moja, maana nilikaa kwenye baraza kipindi kimoja na nilipiga kura ya kujenga kituo kipya cha michezo mwaka ule ule tulipopunguza mafundi wa bustani wawili.

Niseme ilivyokuwa. Ruzuku ya kujenga ilikuwa na tarehe ya mwisho, na tusipoichukua ingekwenda mji jirani. Mafundi wawili hawakuwa na tarehe ya mwisho. Hakuna aliyekuja barazani kuwasemea. Ukumbi ulijaa watu wa mpira wa kikapu waliovaa fulana za rangi moja. Mwanasiasa hupimwa kwa kinachoonekana, na matunzo mazuri hayaonekani kabisa.

Ndiyo maana baadhi ya miji iliondoa bustani mikononi mwa madiwani wa kawaida. Minneapolis ina bodi yake ya bustani tangu mwaka 1883, inayochaguliwa na wananchi na yenye sehemu yake ya kodi, hivyo haishindanii fedha na barabara kila mwaka. Faida yake ni kwamba mwenye dhamana anajulikana. Hasara ni kwamba wapiga kura wachache hufuatilia bodi, na bodi isiyofuatiliwa inaweza kulala au kutekwa.

Kuna na ulinzi wa ardhi yenyewe. Ardhi ya bustani daima huonekana kuwa tupu mbele ya mtu anayetafuta mahali pa kujenga kituo cha zimamoto, maktaba au maegesho. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama dhidi ya mnara wa ghorofa 60 uliokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park jijini Nairobi, na mnara haukujengwa. Lakini haifai bustani itegemee ujasiri wa mtu mmoja. Marekani, bustani iliyopokea fedha za mfuko wa shirikisho wa ardhi na maji ulioanza mwaka 1965 haiwezi kubadilishwa matumizi bila kibali, na mji hulazimika kutoa ardhi nyingine ya thamani sawa. Nilipokuwa diwani nililiona sharti hilo kama pingu. Leo naliona kuwa ndilo pekee lililotuzuia kuuza uwanja wa chini.

Fundi, niambie jambo moja. Tungekuwa na fedha za mafundi wawili tu, siyo zaidi, ungewaweka wapi?

Fundi wa Bustani

Mheshimiwa, umesema ambayo wengi hawasemi, nakushukuru.

Kabla ya kujibu, neno kuhusu bwawa la kuogelea, kwa kuwa nimepata jumbe tatu za faragha zinazouliza. Bwawa ndicho kitu kinachopendwa zaidi na kinachokula zaidi. Maji hupimwa mara kadhaa kwa siku: pH, yaani kipimo cha asidi, ibaki kati ya 7.2 na 7.8, na klorini huru isishuke chini ya miligramu 1 kwa lita. Vipo vijidudu, kama kriptosporidiamu, vinavyoweza kuishi zaidi ya siku 7 ndani ya maji yenye klorini ya kutosha, hivyo ajali moja ya mtoto mwenye kuhara inaweza kulifunga bwawa zima. Ukiwa huna fedha za waokoaji na mtu wa pampu, usilifungue nusu. Bwawa linaloendeshwa kwa kubahatisha ni hatari kuliko lililofungwa. Mji wenye bwawa chakavu na bajeti ndogo ungefanya vyema kujenga uwanja wa chemchemi za kurukia, usio na kina na usiohitaji mwokoaji, na kuingia makubaliano na shule yenye bwawa kwa ajili ya kufundisha watoto kuogelea. Watu watahuzunika. Waache wahuzunike wakiwa salama.

Sasa mafundi wawili. Nisingewagawa kwa bustani, kila mmoja na eneo lake, kwa sababu mmoja akiugua nusu ya mji inalala. Ningewafanya timu moja yenye gari moja na mzunguko wa siku 10 ambao haubadilishwi na simu ya mtu yeyote, hata yako. Wakifika bustanini waanze na choo, kwa kuwa choo kikiwa kichafu akina mama hawakai na mahali pakikosa akina mama panakuwa mahali pengine kabisa. Kisha mapipa. Kisha waingie eneo la watoto na vitu vitatu tu: reki, spana na fimbo iliyochorwa alama ya sentimita 23. Mmoja arudishe vipande vya mbao chini ya bembea, mwingine apande ngazi ashike kila pingu kwa mkono mtupu, kwa kuwa kidole kinahisi ulaji wa chuma kabla jicho halijauona. Waandike namba ya kifaa, tarehe na jina la aliyeshika. Miti na kingo za vijia zitapata zamu siku za mvua, wakati nyasi haziwezi kukatwa.

Na daftari hilo lisikae karakanani. Lipelekwe barazani kila robo mwaka, ukurasa mmoja tu, wenye safu ya umri wa kila kifaa na mwaka kitakapokwisha. Ukurasa wa kwanza tuliopeleka sisi ulionyesha vifaa 11 vikiisha mwaka mmoja. Mwenyekiti aliutazama kwa muda, akauliza kama kuna makosa ya uchapaji.